Mtani Wangu na Bomba Lenye Nundu

Mimi nimekuwa fundi bomba Tabora tangu baadhi ya mitaa hii ikiwa mashamba ya mihogo. Shule niliishia darasa la tatu, na nyumba niliyojenga ina vyumba vingi kuliko madarasa niliyosoma. Kwa hiyo Sista mkuu wa nyumba ya wageni, kule njia ya Kitete, aliponiambia kwamba kazi ya kufunga hita za jua atampa mwenye cheti tu, nilimuuliza kama maji ya baridi niliyomfungia yamewahi kudai cheti.

"Hayajadai, baba," akasema. "Lakini wageni wangu asubuhi za Juni wanaoga huku wanapiga kelele. Nataka mtu aliyefundishwa."

Kazi ile niliitaka, siwafichi. Nisingevumilia kumwona mtu mwingine juu ya paa ambalo mabomba yake yote nayajua mimi. Na kuwa Mmoravian kwangu hakukuwa tatizo, maji hayana dhehebu. Nikaenda kujiandikisha chuo cha ufundi, nikakaa na mvi zangu katikati ya wajukuu.

Mwalimu alikuwa kijana wa Pwani, mwembamba, mdomo mwingi. Siku ya kwanza akaniuliza kwetu wapi.

"Igalula."

"Mnyamwezi?"

"Kabisa."

Akapiga makofi. "Basi tua mzigo, mtani, tumefika! Mimi Mzaramo."

Babu zetu walitembea na misafara mpaka pwani, wakakutana na babu zao, na tangu hapo sisi ni watani. Mzaramo akinitukana mbele ya wanangu sina ruhusa ya kununa. Namrudishia tusi lenye uzito zaidi, basi. Yule kijana hakuniamkia hata siku moja. Akiingia darasani ananiuliza kama usiku nimeota nimebeba pembe za ndovu. Mimi namuuliza kama kwao wameshaanza kulima au bado wanasubiri nazi idondoke.

Hita yenyewe si uchawi. Maji yanapata moto kwenye paneli, yakishapata moto yanapanda yenyewe hadi kwenye tangi lililo juu yake. Bomba la kuyapandisha lazima lipande tu, bila kuinuka katikati na kushuka tena, maana hapo hewa inajikusanya na maji hayapiti. Haya nilifundishwa. Nikayasikia kama mtu anavyosikia redio ya jirani.

Tulipofunga hita zetu kwenye mapaa ya mazoezi, mwalimu akaja akasimama chini ya langu, mikono kiunoni.

"Mtani, bomba lako lina nundu kushinda ng'ombe wa Igunga. Tulikamue?"

Vijana wakacheka. Nami nikacheka, nikamwambia Mzaramo hajawahi kuona ng'ombe, anadhani ni mnazi wenye mkia. Wakacheka zaidi. Nikashuka nimeshinda, nikaenda kunywa chai.

Siku ya majaribio Sista alialikwa kuja kujichagulia fundi. Jua lilikuwa kali tangu asubuhi. Koki za vijana zilitoa maji ya moto mpaka wakawa wanarushiana. Sista akaja kwenye yangu, akafungua, akaweka vidole.

"Baba," akasema taratibu, "haya ndiyo ninayo tayari."

Nilimfuata mwalimu nyuma ya karakana nikiwa nimevimba.

"Si nilikwambia lina nundu?" akasema.

"Uliniambia au ulinitania?"

"Nilikwambia kwa utani."

"Basi hukuniambia!"

Akakuna kichwa. Akakubali nirudie, na Sista, Mungu amjalie, akakubali kurudi kesho yake alasiri. Nikamwekea mwalimu sharti: akiwa na neno la kazi, aniamkie kwanza. Bila shikamoo nitajua ni utani.

"Nimwamkie Mnyamwezi? Babu yangu atafufuka!"

"Akifufuka mlete, nimpe mzigo abebe."

Kesho yake asubuhi nikafungua bomba lote, nikaanza upya. Mwalimu akapanda ngazi.

"Shikamoo."

Nikashika spana. "Marahaba. Wapi?"

"Hapo kwenye elbo, kwenye kona."

Nikarekebisha. Kidogo tena, "Shikamoo, mzee." Kibano kimelegea. "Shikamoo." Mfuniko wa tangi. Jamani, maisha yangu yote nimedai heshima, na siku nilipoipata kwa wingi hivyo ilinitoa jasho. Mpishi wa chuo alipopita chini na shikamoo yake ya kawaida, nilishtuka nikaangusha spana, nikauliza, "Wapi tena?" Maskini, akaenda kuchungulia ugali wake.

Alasiri Sista akaja. Mwalimu akafungua koki mwenyewe, akaweka mkono, akautoa haraka. Akanigeukia. Akaupuliza, akaupuliza tena, na mimi namwangalia mdomo, nasubiri ile shini ya shikamoo itoke.

"Mpagazi mkubwa wewe!" akafoka. "Kichwa kigumu kama jiwe la kuinjikia chungu! Umeona pembe haziuziki, sasa unachemsha Wazaramo?"

Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Mwalimu!" Sista akashika msalaba wake. "Mzee wa watu huyu! Huna adabu?"

"Mwache, Sista," nikasema. "Mwache amalize."