Fundi Miwani na Mwanga Uliolala

Miguu yangu haina breki. Asubuhi naifuata barabara mpaka inichoke, na mara nyingi hunitua kwenye benchi la Fundi Miwani. Karakana yake ni nyembamba kama droo: dirisha moja, jiwe la kusagia lenzi linalozunguka likiimba, na beseni la maji ya kusuuzia kazi. Adhuhuri jua huingia likajilaza juu ya maji yale, nawe ukikaa hapo hujui kama uko macho au unaota.

Fundi mwenyewe ni mama wa makamo, kitinda mimba wa kwao. Ana mazoea ya kupuliza vidole vyake hata kama hakushika lenzi. Mwaka wa uchaguzi mtaa wao ulipasuka kama tikiti, juu rangi hii, chini rangi ile. Salamu zikaanza kuchagua watu. Mimi mpita njia nikawa naogopa hata kunyolewa, nisije nikaachwa nusu kichwa.

Kaka zake wawili walikuwa wakiishi na mama yao katika nyumba aliyoiacha baba. Mkubwa ni mshonaji, akawashonea sare watu wa juu. Wa pili huchomelea vyuma, akawatengenezea jukwaa watu wa chini. Uchaguzi ukaisha, wao hawakuisha. Wakapiga ukuta wa mbao katikati ya sebule, wakaacha kusemeshana. Mama yao akakunja nguo zake, akahamia chumba cha nyuma cha karakana.

"Sirudi mpaka mbao zile zitoke," alisema. "Mimi sikuzaa vyumba, nilizaa watu."

Chumba kile kina unyevu, na bibi wa watu akaanza kukohoa. Fundi alikwenda kuwabembeleza kaka zake, mmoja mmoja. Jibu likawa moja: "Aanze yeye."

Basi siku hiyo nilimkuta akimtengenezea mama yake miwani ya giza, ya duara, kwa kuwa alikuwa ametoka kutibiwa macho na jua lilimchoma.

"Mwanga una mikao, Mzee," aliniambia, jiwe likiimba. "Ukigonga maji, hurudi umelala. Lenzi hizi ni kama uzio wa fito zilizosimama. Uliosimama unapenya, uliolala unakwama. Ndiyo maana mng'ao wa maji unazimika."

Nikafumba macho nikiuona mwanga umejinyoosha juu ya maji kama mtu aliyechoka. Lakini mikono ya Fundi ilikuwa hapa, moyo uko sebuleni kwao. Duara halina juu wala chini. Lenzi moja akaiweka fito zimesimama, ya pili, bila kujua, fito zimelala.

Mama akavaa, akainamia beseni, akafumba jicho moja, akabadilisha.

"Makubwa haya! Jicho hili naona dirisha limelala juu ya maji. Hili naona mpaka vipande vya lenzi kule chini."

Fundi akashika kichwa. "Nimeweka moja kombo. Vua nirekebishe, Mama."

"Thubutu! Niache nifaidi."

Mshonaji huja kumwona mama yake mchana, mchomeleaji asubuhi, makusudi wasikutane. Siku hiyo mchomeleaji alikuwa na geti la kufunga asubuhi, akachelewa. Wakagongana mlangoni. Wakaingia wote, maana atakayeondoka kwanza ameshindwa.

"Hebu tazama humu," mama akampa mkubwa miwani.

Mshonaji akafumba jicho la kushoto, kama atungapo uzi kwenye sindano. "Naona vipande chini."

Mchomeleaji akaipokea kwa mama. Jicho lake la kulia liliwahi kurukiwa na cheche, halitumii kwa kazi ya kuchungulia. Akalifumba. Kisha akanigeukia mimi.

"Babu, mwambie huyo hakuna chini. Ni dirisha tupu."

"Babu, mwambie naye akaoshe macho."

"Mwambie yamezoea vitundu vya sindano!"

Mimi nikawa kama feni ya mezani, nageuka huku, nageuka kule. Mwishowe mshonaji akanivuka.

"Mwongo mkubwa wewe!"

"Mwongo wewe, kipofu wa mashono!"

Mama akacheka mpaka akashika ukuta. "Kumbe ndimi mnazo! Badilisheni macho, wajinga nyie."

Wakabadilisha, mmoja baada ya mwingine. Jiwe lilikuwa limesimama. Mwanga wa beseni ulitetemeka darini.

"Ah," akasema mshonaji.

"Na mimi," akasema mdogo wake.

Kicheko cha mama kikageuka kikohozi, kikohozi kikakataa kukatika. Wakamrukia wote wawili. "Mama, kifua hicho!"

"Dawa yake mnaijua iliko," akawajibu.

Ndivyo tulivyoongozana mpaka kwao, nami niliyekuwa sijaalikwa na mtu. Mama akaketi kizingitini, akaegemea mwimo wa mlango. Ndani mkubwa anataka waanze kung'oa juu, mdogo anasema juu patawaangukia, waanze chini. Nani aliyekufundisha mbao? Na wewe je, mwenye uzi? Msumari mmoja ukalia, kisha ubishi ukaendelea.

Fundi akamwinamia mama yake, ambaye alikuwa amekwisha kufumba macho.

"Mama, nikawaamulie?"

"Waache wabishane, mwanangu. Wakinyamaza ndio uniamshe."