Kinyozi wa Pipeline na Mwalimu wa Fizikia

Kinyozi wa mtaa wa Pipeline haulizi swali lolote mpaka wembe ufike kooni. Ana miaka arobaini na miwili, na anajisomea fizikia na kemia za kidato cha nne, maana chuo cha ufundi kimeshamkataa mara mbili kwa kukosa alama za masomo hayo. Huinua kidevu cha mteja kwa vidole viwili, taratibu, kama anayepima ukomavu wa parachichi. "Maji yakishachemka, ukiongeza moto yanazidi kuwa moto. Au sio, Mwalimu?" Mwalimu Obura, anayefundisha fizikia, huangalia dari na kusema, "Mm," kwa kuwa mtu mwenye wembe kooni hana msamiati mpana. "Na magadi ni asidi?" "Mm." Kinyozi hupangusa wembe, huandika kitu daftarini, kisha huendelea na shavu la pili.

Asubuhi ya siku moja kabla ya mtihani wake, Kinyozi, akimpaka Mwalimu spiriti, alimfungulia lile daftari kwa shukrani. Kurasa sitini, na chini ya kila jibu: Imethibitishwa na Mwl. Obura.

Obura alisoma kurasa tatu. "Bwana, hapa hakuna hata moja la kweli."

"Si ulikubali mwenyewe!"

"Ningekataaje, na koo langu liko mkononi mwako?"

Kinyozi aliwaambia waliokuwa wakingoja kwenye benchi warudi keshokutwa, akafunga mlango, akamwomba Mwalimu asimame, akaketi yeye kwenye kiti cha kunyolea, akajifunga shuka shingoni na kumkabidhi Mwalimu wembe.

"Haya. Sasa niulize wewe."