Refa na Kizibo Kilichopotea

Wodi nzima walimwita Shangazi, hata wagonjwa waliomzidi umri kwa mbali, naye aliitika bila kinyongo. Alikuwa muuguzi mwenye sauti nene na miguu myepesi. Alizaliwa mwisho nyuma ya kundi la kaka, na katika nyumba ile asiyejua hila alilala njaa. Hila hizo alikuja nazo kazini. Wakubwa zake walimwonya kwamba anataniana mno na wagonjwa. Alikubali kosa, akaahidi kujirekebisha, kisha akaendelea vilevile.

Ndipo akaletewa Refa. Mzee huyu alikuwa amestaafu kuchezesha mpira, ila amri zake hazikustaafu. Kiharusi kilikuwa kimemlegeza mkono na mguu wa kushoto, kumeza kulimpa taabu, na juu ya hayo alikuwa na kisukari kisichotulia. Kila mtaalamu alikuja na kiungo chake: huyu koo, yule mguu, mwingine sukari. Refa aliwafukuza wote kwa zamu. Kimpira cha mazoezi alichopewa akiminye alikitupa, akisema yeye ni refa, si golikipa.

Zaidi ya yote alilalamika kwamba anapunjwa chakula. Shangazi hakubishana naye. Alikaa akamtazama akila. Mzee alimaliza nusu ya kulia ya sahani, ya kushoto hakuigusa, kisha akauliza chakula kingine kiko wapi. Haikuwa deko. Kiharusi kilikuwa kimemfutia upande mzima wa dunia, na kilichokuwa kushoto kwake kilikuwa kama hakipo. Shangazi aliizungusha sahani, akamwambia amemwongezea. Refa akashukuru, akala hadi mwisho. Shangazi alipomweleza daktari kwamba sukari ya mzee ilikuwa ikishuka ovyo kwa sababu alimeza dawa ya sahani nzima akala nusu, walicheka wote wawili.

Siku ya kuzungumza na mke wa Refa, daktari hakucheka. Bibi huyo alikuwa mwembamba, na mgongo wake ulishachoka. Daktari alimweleza kwamba mzee asipojifunza kutazama kushoto na kushika kitu kwa mkono ule, yeye peke yake hataweza kumhudumia nyumbani. Itabidi apelekwe kituo cha kulelea wagonjwa, mbali, naye abaki kumtembelea tu. Bibi alilia kimya kimya. Shangazi roho ilimuuma, akajifanya anatafuta kalamu.

Kesho yake alikuja na ubao wa drafti na vizibo vya soda vya kuwa kete, lakini kwanza aliomba ruhusa.

"Mama, nataka kumwibia mzee," alisema, akamweleza mpango wake.

Bibi alicheka mpaka akashika ubavu. "Mwibie tu, mwanangu. Matusi ya uwanjani hayakumnyima usingizi hata siku moja. Ila umchezee rafu mbele ya macho yake, huyo atafufuka."

Shangazi aliusogeza ubao upande wa kushoto, na huko huko akawa anazichomoa kete za mzee bila haya. Refa alishindwa asubuhi, akashindwa tena baada ya dawa, asijue kinachomsibu. Siku za mwizi ni arobaini, lakini za Shangazi hazikufika hata kumi. Jirani wa kitanda cha pili uvumilivu ulimwishia, akamtonya mzee kwamba anaibiwa kushoto. Refa aligeuza shingo polepole, kama mlango wenye kutu, akamkuta Shangazi na kizibo mkononi. Alimsomea sheria zote za michezo, na hakuna refa aliyewahi kufoka akafurahiwa namna ile.

Tangu hapo alilinda kushoto kwake. Shangazi naye akaongeza sheria: kete za upande ule husogezwa kwa mkono wa upande ule. Mwanzoni mkono uliburura vizibo vyote na kuvimwaga sakafuni. Shangazi aliviokota huku akimcheka waziwazi. Mzee alinuna, akakataa kusema naye, kisha akadai mchezo mwingine.

Asubuhi ambayo daktari alikuwa apitie kuamua kama mzee arudi nyumbani au apelekwe kituoni, walikuwa mchezoni, bibi amekaa kando. Shangazi aligeuka kidogo kuweka mto sawa. Aliporudi kwenye ubao, kete yake moja haikuwepo. Alitafuta chini ya kitanda, akatafuta chini ya mto. Refa alitazama dari kwa utulivu wa mtu wa haki. Bibi akakohoa.

Shangazi akafunua shuka. Mkono wa kushoto ulikuwa umefumba ngumi. Alijaribu kukichomoa kizibo, hakikutoka. Akavuta kwa nguvu, vidole vikazidi kukaza. Machozi yalimtoka, wala hakuyaficha.

"Mzee, umeniibia," alisema.

Refa aligeuza kichwa kushoto, akamkazia macho. "Shahidi wako yuko wapi?"

"Mimi hapa," alisema bibi, tayari yuko mlangoni akienda kumwita daktari. "Na wewe usikiachie hicho kizibo mpaka nirudi."