Sanduku la Kofia la Bi Vernell

Vernell Guidry alikufa kwa kansa ya koo. Naliweka hilo mwanzo kabisa kwa sababu kwa miaka arobaini na mmoja nimewaandikia wafu wa kanisa letu historia zao, na sikuwahi kuandika sentensi kama hiyo.

Alizaliwa hapa hapa Saint Rosalie, kando ya mto, wakati nyuma ya nyumba zetu kulikuwa na miwa tu. Alikata miwa, akafua mashuka ya hoteli, akazaa watoto watatu. Kila Jumapili alisimama mlangoni mwa kanisa na glavu zake nyeupe, akiwaonyesha watu pa kukaa. Palipokuwa na mazishi, yeye ndiye aliyegawa vijitabu: picha ya marehemu juu, nyimbo katikati, historia yake ndani. Kila mara alibakiza kimoja, akaenda nacho nyumbani kukitia katika sanduku la kofia chini ya kitanda.

Historia hizo niliziandika mimi. Shule niliiacha darasa la sita, nikajisomesha kwa kamusi kuukuu na magazeti yaliyokwisha kusomwa na wengine. Wakati ule mtu akifiwa hakuachwa peke yake. Tulikaa naye, tukala naye, na mimi nikauliza maisha ya marehemu yalikuwaje. Niliambiwa yote: uvimbe, damu, mapafu yaliyooza. Kisha nikaandika, "Bwana alimwita akapumzike." Mwili wa mtu ni siri ya nyumba yake, ndivyo tulivyolelewa. Leo watu wanajipiga picha na dripu mkononi, na dunia nzima inatazama.

Kiwanda cha kwanza cha kemikali kilikuja nikiwa kijana, kikala mashamba ya miwa. Vikafuata viwili vingine. Mitini ya Vernell iliacha kuzaa, na jamu yake ya tini, ambayo watu walitoka vijiji vingine kuifuata, ikawa hadithi.

Miaka miwili iliyopita walikuja wanafunzi wanne kutoka chuo cha watu wetu weusi, mwendo wa saa moja kupanda mto. Kampuni moja ilikuwa imeomba kibali cha kujenga kiwanda cha nne, cha plastiki, ubavuni mwa makaburi yetu. Kiongozi wao alikuwa msichana aitwaye Kiandra Fontenot, nywele zimesukwa hadi kiunoni. Walikutana na Vernell jikoni kwake, nami nilikuwapo, maana ilikuwa Jumatatu na Jumatatu nilikula maharage kwake.

"Tunapigania haki ya tabianchi, Bi Vernell," alisema Kiandra.

"Haki ya nini, mwanangu?"

"Moshi huu unaowaua nyinyi ndio unaoipasha dunia joto na kuzipa tufani nguvu. Wanaotajirika nao hawakai hapa. Tunaokaa hapa ni sisi watu weusi."

"Na hilo ndilo mmelipia karo kulijua? Kaa ule. Umekonda kama mti wa ufagio."

Alipokwisha kula, Kiandra alieleza shida yao. Serikali ingefanya kikao cha kuwasikiliza wakazi, na ilitaka ushahidi wa nani alikufa na kwa ugonjwa gani, na hospitali hazifungui mafaili yake kwa wanafunzi. Vernell alifuta mikono, akaenda chumbani, akarudi na sanduku. Ndani mlikuwa na vijitabu mia mbili na kumi na vitatu.

Walisoma mchana kutwa. Mwishowe kijana mmoja, Tavaris, alicheka kwa uchovu.

"Jamani, hapa hakuna aliyewahi kuugua! Huyu ameitwa, huyu amepumzika, huyu amevuka mto. Saint Rosalie haina kansa hata moja!"

Masikio yangu yaliwaka moto.

"Mwandishi ndiye huyu mnayekula naye," alisema Vernell. "Shemasi Alcide. Hata kuku wangu akigongwa na gari, huyu ataandika amepaa." Wakacheka wote. Kisha akanisogezea penseli. "Wewe walikuambia kila kitu, Alcide. Andika pembeni ugonjwa wa kila mmoja, utie sahihi. Siku ya kikao usimame useme."

"Siwezi kuwavua wafu nguo mbele za watu, Vernell."

"Nguo uliwavisha wewe. Wenyewe walikufa uchi wakilia, na Earline wako alikuwa mmoja wao."

Earline alikuwa mke wangu. Nilichukua kofia yangu nikatoka.

Kikao kilifanyika katika ukumbi wa shule. Wanafunzi walikuja mabasi mawili. Walikuwa wamewasilisha nakala za vijitabu ili angalau vionyeshe majina na umri wa waliokufa. Vernell alisimama, sauti yake tayari imekwaruza, akataja majirani kumi na wanane na magonjwa yao bila karatasi. Alipokaa, akainuka wakili wa kampuni, mtu mpole.

"Namheshimu sana mama huyu," alisema. "Lakini maandishi ya kanisa lake mwenyewe yanasema mengine." Akafungua nakala moja, akasoma: "'Earline Narcisse, baada ya siku nyingi njema, alifumba macho kama mtoto aliyeshiba.'"

Aliisoma vizuri. Sentensi ile niliihangaikia siku mbili. Earline alikufa akiwa na uzito wa mtoto kweli, lakini hakuwa ameshiba. Hakumeza kitu kwa wiki tatu, na nilikuwa nikimshika kichwa kwa sababu shingo haikukiweza tena.

Vernell aligeuka akanitazama. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwingine mwenye la kusema. Kofia yangu ilikuwa mapajani. Niliikazia macho mpaka nikasikia, "Basi, tuendelee."

Kibali kilitolewa. Nilingoja Vernell anitukane, afadhali angenitukana. Jumatatu iliyofuata aliniletea bakuli langu mlangoni. "Onja mwenyewe chumvi," alisema. "Koo langu halijui tena." Miezi kumi baadaye tulimzika.

Binti yake, Lorraine, ndiye aliyenijia. "Mzee Alcide, mwandikie mama kitu kizuri, kama kile cha Bi Earline."

Nilimwandikia sentensi niliyoanzia hapa. Lorraine aliisoma mara mbili.

"Mama angekukumbatia," alisema. "Kwanza angekuzaba kofi kwa kuchelewa."

Kiandra alikuja mazishini. Wenzake bado wanahangaika mahakamani kibali kifutwe. Tuliporudi nyumbani kwa Vernell alikitia kijitabu kipya katika sanduku.

"Vimekuwa mia mbili na kumi na vinne," alisema. "Kinachosema ni hiki kimoja."

Hakusema kwa ubaya. Nilimwomba penseli, nikaketi pale mezani pa maharage. Nilianza na Earline, nikaandika, nikatia sahihi. Nikaendelea. Kufikia alasiri nilikuwa nimeandika thelathini na mmoja. Kiandra alinipa kijitabu cha Wilfred Joubert, jirani yangu wa miaka thelathini, ambaye wanawe walihama zamani na mjane wake tulishamzika.

"'Mkata miwa aliyeweka panga lake chini jua lilipotua,'" nilisema, kabla hata ya kukifungua. Nilikumbuka kila neno, na meza niliyoandikia.

"Na ugonjwa, Mzee?"

Nilimtazama Wilfred katika picha, amevaa tai ya kuazima. Tai niliikumbuka, ilikuwa yangu. Ugonjwa sikuukumbuka.