Udongo wa Juu ya Tembe

Udongo wa paa la tembe lililoanguka una harufu yake: moshi wa miaka mingi, mkojo wa panya na mvua mpya, vyote pamoja. Naijua kwa sababu niliwahi kufukiwa na udongo huo. Nilikuwa msichana wa darasa la pili kwetu Misigiri, tukiishi watatu: bibi, mimi, na mjomba Yona, kitinda mimba wa bibi. Watu husema mvua ndiyo iliyoiangusha ile nyumba. Mvua imesingiziwa. Aliyeiangusha ni Yona, nasema jina lake, na yu hai. Akitaka aje abishe.

Tembe halina bati. Ni miti, juu yake fito na nyasi, halafu udongo. Kila mwaka kabla ya mvua unakwangua udongo wa zamani, ndipo unapandisha mpya. Mwaka ule kwa jirani kulikuwa na pombe ya mtama, basi Yona akamwaga mpya juu ya ule ule wa zamani ili awahi. Bibi akamwambia kutoka chini, "Yona, kwangua kwanza. Miti hiyo imezeeka kama mimi." Naye akajibu, "Mama, nyumba ikipata uzito inatulia." Waliosema asiyesikia la mkuu huvunjika guu walisahau kusema guu la nani. Lilivunjika langu.

Mvua ya kwanza ilikuja asubuhi. Bibi alikuwa nje anatega ndoo, Yona amelala kwa jirani, mimi ndani nakoroga uji. Miti ikalia, kisha giza. Boriti ikaangukia kilindo, lile pipa la gome la mti alimoweka bibi mbegu zetu zote za mtama, ikaegemea pale pale. Nami nikabaki kwenye upenyo wa chini, mguu umebanwa, mdomo umejaa udongo. Nikasikia majembe, halafu sauti ya Mama Hawa, jirani yetu, "Wekeni majembe chini, mtamkata mtoto! Mikono!" Wakanitoa kwa mikono. Baada yangu wakakitoa kilindo. Bibi akatia mkono ndani, akautoa mkavu. Akacheka, mwaka umepona.

Nilifungwa mguu kwa vijiti, nikalazwa juu ya ngozi ya ng'ombe uani, nikitazama kazi kama mke wa mtemi. Bibi alikataza neno moja tu, takataka. Alisema chenye jina hakitupwi. Kifusi kilikuwa kifusi, kikasindiliwa kuwa sakafu mpya. Miti iliyovunjika ikawa kuni, iliyopona ikarudi juu. Chungu chake kikubwa kilikuwa vigae, na kila kigae akakipa kazi: hiki cha kubebea moto, kile cha kunyweshea kuku, hiki kipana cha kukaangia karanga. Ndipo Yona akatokea, macho mekundu, akasimama tu anashangaa. Bibi akauliza, "Na hili nalo tuliiteje?" Mama Hawa hakuchelewa: "Hayo makapi, Mama. Yapepete!" Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Hata mimi nilicheka, na mguu ukaniuma zaidi.

Sasa naishi Shelui, nyumba ya bati, na nikitembea nachechemea. Juzi upepo uling'oa bati mbili, wanangu wakasema, "Mama, hizo takataka, tununue nyingine." Nikazinyoosha kwa nyundo, leo ni mlango wa banda la kuku. Watoto wa siku hizi wana vitu vingi, ila kikivunjika kwao hakina jina. Yona amezeeka, hupita kunisalimia akitoka mnadani. Shikamoo nampa, maana ni haki yake. Kisha namkaangia karanga kwenye kile kigae kipana, namwekea mbele kikiwa bado cha moto, namwambia kilitoka wapi. Huinamisha kichwa na kutafuna. Zikiisha, husukuma kigae kwangu na kusema, "Ongeza kidogo, mjomba." Nami naongeza.