Paja la Kusokotea

Mwaka ule wa mahindi ya manjano ya msaada, sisi huku Kalamba tulikuwa tunakula paja langu. Usicheke. Mvua ilikataa misimu miwili, mbuzi wakaisha mmoja mmoja, na mume wangu alikuwa Mombasa akitafuta kazi, kazi nayo inatafuta wengine. Kilichobaki nyumbani ni makonge. Unayakwangua, unaanika nyuzi, halafu unakaa chini, miguu umeinyoosha, unapandisha leso, unajipaka jivu kidogo pajani na kuzisokota nyuzi kwa kiganja mpaka ziwe kamba ya kusukia kiondo. Mnunuzi alikuja kila siku ya soko. Ukiwa na kiondo, watoto wanakula. Ukiwa huna, unachemsha maji matupu na kuwaambia wangoje.

Ndipo paja likaanza kuniwasha. Kilikuwa kiduara chekundu, ukingo umeinuka, katikati ngozi imetulia kana kwamba imepona. Nikasokota juu yake. Ningefanya nini? Kila nikisokota, kinawaka moto, na jioni kimeongezeka.

Mama mkwe wangu, ambaye kwa Kikamba tunamwita mwaitu, ndiye aliyenituma kwa daktari wa zahanati. Lakini daktari yule alikuwa mdogo wake marehemu baba mkwe. Kwetu ni baba mkwe kabisa, na mke wa mwana hamfunulii baba mkwe hata goti. Tunaiita nthoni, heshima na aibu pamoja.

"Ukimwonyesha daktari yule paja lako, usirudi kwangu," mwaitu akaniambia.

Basi nikaenda, nikamwonyesha daktari mkono. Nikasema unawasha. Akauangalia, akaona mikwaruzo ya makonge, akanipa dawa nyeupe ya upele. Nikaja kuipaka pajani. Woi! Nilipiga kelele mpaka kuku wakatoka jikoni. Kiduara hakikusikia lolote.

Jirani yangu, yule asiyeweza kuona jambo akanyamaza, aliniona nikijikuna shambani. "Mficha uchi hazai," akasema, na kesho yake akaniletea krimu ya kung'arisha uso aliyonunua alipokwenda kwa dada yake mjini Kabati. Eti ilimwondolea dada yake vipele vyote.

Nikajipaka. Muwasho ukakoma! Wekundu ukafifia, nikasokota nikiimba nyimbo za kanisani, nikamwita jirani malaika. Nikawa napaka asubuhi na jioni, tena kwa wingi, kama mtu anayepaka mafuta Krismasi. Kumbe ugonjwa ulikuwa umezibwa mdomo tu. Krimu ilipoanza kuisha, ukatoka kwa hasira. Ukapanda mpaka kwenye kinena, ukavuka paja la pili, wala si duara tena, ni ramani isiyo na mpaka, na vipele juu yake. Ngozi yenyewe ilikuwa nyembamba kama ganda la kitunguu. Kamba ikipita, inachanika.

Siku moja mnunuzi akageuza kiondo changu, akaona doa la damu. Alikirudisha tu, akaita mwenzangu. Wanawake wa kikundi chetu wakaanza kusogeza mikeka yao, polepole, wakijifanya wanafuata kivuli. Nilirudi nyumbani mikono mitupu, watoto wamekaa mlangoni wakiangalia kapu langu. Nilimlaani jirani, nikailaani mvua, nikamwambia Mungu maneno yangu, tena sikumwambia kwa adabu. Nilikuwa nimefika mwisho, jamani. Nilijua kabisa kwamba tutakufa, na kwamba watasema tumekufa kwa njaa ya nchi nzima, kumbe ni kwa paja moja.

"Mwaitu," nikamwambia, "chagua. Nthoni au ugali."

Kulipopambazuka alikuwa amesimama nje na leso mbili begani. "Twende," akasema.

Kule zahanati, mwaitu alimwamuru daktari aangalie ukutani. Mzee mzima akageuka kama mwanafunzi. Mwaitu akanilaza, akanifunika kichwa kwa leso moja, na ile nyingine akanizungushia mapajani, akaacha tundu la ukubwa wa kisahani.

"Sasa geuka. Hapa hakuna mke wa mtu. Hapa kuna ugonjwa peke yake."

Nilisikia daktari akivuta pumzi. "Hiki ni choa," akasema. "Nani amekipaka krimu ya urembo?"

Nikamjibu nikiwa ndani ya leso. Hakunifokea, nami nilikuwa nimejiandaa kufokewa. Alieleza kwamba krimu ile inatuliza ngozi huku ikikiachia choa njia, kwamba niitupe na nisimpe mtu mwingine. Akampa mwaitu dawa ya choa yenyewe. Nioshe, nikaushe kabisa, hasa kwenye mikunjo. Nipake utando mwembamba mara mbili kwa siku, nivuke ukingo kidogo mpaka kwenye ngozi nzima, kisha ninawe mikono. Nguo yangu na taulo yangu ziwe zangu peke yangu, zifuliwe na kuanikwa juani. Kikienea zaidi nirudi, kuna vidonge. "Na ukiona kimepona, usiache. Endelea wiki mbili zaidi, maana mizizi inabaki."

"Nitasokota lini?"

"Usisokote mpaka ngozi ipone sawasawa. Mwezi, pengine zaidi."

Nikacheka, kile kicheko kibaya. "Baba, umenituma nikafe na ngozi nzuri."

Mwaitu akaninyanyua, akazikunja leso zake.

Tulipofika nyumbani, mwaitu aliketi chini, akavuta rundo la makonge na kupandisha leso yake. Miaka mingi hakuwa amesokota. Vidole vyake vilikuwa vimepinda, na kamba yake ya kwanza ilikuwa na mafundo, mpaka mtoto wangu akamcheka. Akaendelea. Mimi nilisuka alichosokota, kila siku, na watoto wakala uji, si kushiba, lakini wakala.

Viduara vikafifia. Muwasho ukaondoka. Asubuhi moja nikajitazama juani, sikuona kitu. Nikamwendea mwaitu mbio, nikakaa mbele yake na kunyoosha miguu.

"Lete makonge. Nimepona."

Akateremsha leso haraka, haraka mno. Nami sina subira, nikaivuta. Paja lake lilikuwa limechubuka tangu gotini kwenda juu, nyama nyekundu, jivu limeshikamana na damu. Nguo ya ndani ilikuwa imegandia hapo. Alikuwa amesokota hivyo kwa siku ambazo sizijui, akitusalimu kila asubuhi.

Nikanyoosha mkono kuchukua nyuzi. Akanipiga kofi mkononi.

"Wiki mbili zaidi, daktari alisema. Kapake dawa."

"Mwaitu, utakufa!"

"Kapake dawa, we mtoto!"

Nikaingia ndani. Nikaosha, nikakausha, nikapaka utando mwembamba, nikilia kwa sauti, na huko nje nikamsikia anasokota.