Hangar Yenye Bamama Balikataa

Siku yangu ya kwanza ku kazi, nilifika ku bureau ya secteur na viatu vya kisigino, juu miye mutoto wa muji, wa Mudzipela, nilizania agent wa développement, mutu wa maendeleo, anaikalaka ku meza. Chef de secteur, mukubwa wa vijiji vya pale, muzee munene mwenye kucheka na tumbo yote, akaangalia miguu yangu, akanipatia mabotte. "Mama Furaha, bureau yako iko kule inje, mu matope. Karibu sana!"

Nyie vijana munauliza tulitumikaka namna gani. Feza ya kujenga ilitokaka sehemu mbili. Kwanza taxe ya soko, yenye bamama banalipa kila siku ya soko. Halafu rétrocession: tunatuma kodi ku province, nao banaturudishia kipande yetu. Banarudisha! Aa, bwana. Unangojea mpaka macho inachoka. Chef alisemaka, "Feza ya juu ni ya kuombea, feza ya soko ni ya kujengea." Na kwenye ilipunguka, batu balitoa mikono yabo: mawe, muchanga, mayi, kila samedi, siku ya posho, tunafanya salongo, kazi ya bote pamoja bila mushahara.

Vile njo tulijenga hangar, paa kubwa ya soko. Bamama balikuwa banauzisha karibu na kisima, mu matope, mvua ikinyesha unga yote inaharibika. Basi tukaweka nguvu yote ya ule mwaka ku cement na mabati. Bamama benyewe balibeba mawe ku kichwa, na nyimbo. Ilipoisha, chef akaandikisha numéro ku kila nafasi, kila mama akaingiza mukono mu kikapo, akatosha karatasi ya numéro yake. "Hivi hakuna upendeleo," chef akasema, na kweli hakukuwa. Administrateur wa territoire, mukubwa wa chef, akakuya, akakata ruban ya kufungua, tukakula mbuzi.

Siku ya soko ikafika, hangar mutupu. Bamama bote kule ku matope! Chef akasimama peke yake chini ya mabati ya mupya, mikono ku mugongo. Nilimuhurumia sana.

Soko yenye ilifuata, vile vile. Ile ingine, mbuzi tu njo ziliingia. Administrateur akasikia, akatuma neno: akipita na kukuta hangar iko mutupu, ataipatia mucuruzi mumoja wa mbao ya Mambasa, afanye depot. Jasho yote ya batu ikuwe nyumba ya kuwekea mbao! Chef akawaka moto. "Nitabaleta na polisi!"

"Chef," nikamuambia, "uniache miye niende kwanza."

Nikaenda kuikala ku matope pembeni ya Mama Safi, mujane mwenye kuuzisha maharagi. Nikamuuliza juu ya nini banakataa. Akacheka kwanza, kisha akanionyesha bamama ba kuume na ba kushoto.

"Huu mustari wetu tuko mu likelemba moja. Kila soko tunakusanya, mumoja anabeba yote. Nikienda ku dispensaire, huyu jirani ananiuzishia. Hii nafasi mama mukwe wangu aliniachia, na nafasi yake huyu, mama yake alimuachia. Numéro yenu ilinitupa katikati ya batu ba samaki. Nani ataangalia vitu vyangu pale? Na zamu yangu inakaribia, njo nitalipa masomo ya mutoto. Tukitawanyika, likelemba inakufa. Weye utanilipia?"

Nikarudia ku bureau, nikamuelezea chef yote. Nilizania atapiga meza. Akakuna kichwa.

"Ee. Hata miye nyumbani, ukiniondosha ku kiti yangu, bugali haishuki."

Kesho yake akapiga magoti chini ya hangar na ndoo ya chokaa, akafuta zile numéro yeye mwenyewe, na tumbo ile! Bamama bakakuya kuangalia. "Chef, utapasuka!" bakamutania. Akainua uso, chokaa mpaka ku ndevu. "Bamama, muingie vile munaikalaka. Mustari kwa mustari." Mama Safi akaingia wa kwanza, na jirani zake pande zote mbili. Administrateur alipopita, alikosa hata pa kukanyaga. Mucuruzi wa mbao akaenda kutafuta pengine.

Kisha pale balinituma fasi mingi, mpaka Mahagi, chini ya machef ba kila namna, bapole na bakali. Kila kwenye banataka kujenga, naulizaka kwanza: nani anaikala na nani? Bengine balinichekaka. Bacheke tu. Chef wangu wa kwanza alikwisha kufa, Mungu amuweke pazuri, na mpaka leo ninamupenda.

Nilipotoka ku kazi, nilingojea feza ya retraite, ile ya uzee. Bado ninangojea. Siku moja nikabeba kikapo ya vitunguu, nikaenda ku ile hangar kutafuta pa kuuzishia, nikisikia haya sana. Mama Safi, sasa amezeeka kama miye, akaniona. Hakuuliza kitu. Akavuta kikapo yake, jirani yake akavuta ya kwake, mustari muzima ukasogea.

"Ikala, mama," akaniambia.

Nikaikala, nikalia kama mutoto.

Jana magoti ilinisumbua, nikaenda ku dispensaire. Niliporudi, vitunguu vilikuwa vimeisha, na feza yangu ilikuwa ku kiti yangu, imefungwa mu kipande ya kitenge.